Sigara ya Moja Moja

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha uchi hazai. Mwalimu mlezi wa chama chetu aliponitaka niandike juu ya sheria ya sigara, nadhani alitarajia nirudie yale niliyoyasema kwenye mdahalo wa muhula wa pili. Wengi wenu mlikuwapo. Nilisimama mbele ya ukumbi, mkono kiunoni kama wakili wa Nairobi, nikawabwaga wapinzani wangu na kutunukiwa kamusi. Kamusi hiyo ningali nayo. Lakini kuna jambo lililotendeka jioni ya siku iyo hiyo, kabla makofi yenu hayajanitoka masikioni, ambalo kwa muda mrefu sikumsimulia kiumbe yeyote. Ndilo nitakalolisimulia hapa.

Kwetu ni hapa hapa Busia, mtaa ulio karibu na mpaka, na mama yangu ana kioski. Ni kioski cha mabati, kilipakwa rangi ya buluu zamani na sasa kimepauka. Wateja humwita Mama Pacha kwa sababu ya wadogo zangu wawili. Kitu kizima huuzwa kwa nadra sana pale. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe kidogo, sukari kwa robo, majani ya chai kwa pakiti ya shilingi 5, sabuni hukatwa kipande, omena hupimwa kwa mkebe. Hata mkate hugawanywa nusu. Mtu anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na asiyelipwa siku hiyo huandikwa kwenye daftari. Sasa katika kioski kama hicho, sigara ingeuzwaje? Moja moja, bila shaka. Kiberiti kimefungwa kwa kamba kwenye ukingo wa dirisha ili mteja awashe pale pale na asiondoke nacho.

Tulikuwa na aina mbili. Zile zilizolipiwa ushuru tuliuza shilingi 20 kila moja. Zile nyingine, ambazo mwenye pikipiki alituletea alfajiri kabla kuku hawajatua kutoka mitini, tuliuza shilingi 10. Nyinyi mnaokaa huku mnajua zatoka wapi. Zavuka kwa njia za panya, hapa na kule Malaba, zikiwa kwenye magunia pamoja na vitu vingine. Serikali ya Kenya hutoza ushuru wa zaidi ya shilingi 4 kwa kila sigara. Ukizidisha mara 20 utaona kwamba paketi moja ina zaidi ya shilingi 80 za serikali peke yake. Anayezikwepa hizo ndiye awezaye kuuza kwa kumi na bado acheke.

Mama si mhalifu, tafadhali. Baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku kule Teso, na nyumba ya kukaushia majani ingalipo nyuma ya boma, ingawa siku hizi hukaa mbuzi. Tumbaku ndiyo iliyomlipia mama karo hadi darasa la nane, ikaishia hapo. Mimi nami, paketi moja ya sigara ikiuzwa moja moja humwachia mama faida ya shilingi 70, na katika siku nzuri huuza paketi tatu au nne. Pigeni hesabu wenyewe mjue daftari zangu zatoka wapi.

Turudi kwenye mdahalo. Hoja ilisema, kama mnavyokumbuka, kwamba sheria ya kudhibiti tumbaku itekelezwe bila huruma. Mimi niliwekwa upande wa kuitetea. Wala sikuchagua, ni katibu aliyepanga majina. Mgeni wetu alikuwa afisa wa afya ya umma, mama mmoja mrefu mwenye miwani, na ndiye aliyetugawia maelezo ya kusoma wiki moja kabla. Niliyasoma usiku kwa taa ya kioski huku nikiuza. Nilijifunza kwamba Kenya iliuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku tarehe 25 Juni 2004. Nikajifunza kwamba sheria yetu ilipitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika mwezi wa Julai 2008, yaani kabla wengi wetu hatujazaliwa. Sheria hiyo yakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Yataka muuzaji abandike tangazo la kusema hivyo. Yakataza hata peremende zilizotengenezwa kwa umbo la sigara. Na yakataza kuuza sigara nje ya paketi yenye sigara zisizopungua 10.

Niliposoma hilo la mwisho niliinua macho nikautazama mkebe wetu. Kulikuwa na sigara kumi na moja ndani, zimelala kama chaki.

Kwa nini sheria ichukie sigara ya moja moja? Afisa alitueleza vizuri na sijasahau. Paketi nzima ni ghali kwa mtoto, lakini sigara moja ni bei ya andazi mbili. Tena paketi ina maandishi na picha ya kutisha ya madhara, ilhali sigara iliyotolewa mkebeni haina kitu. Ni kipande cha karatasi cheupe, hakina onyo wala stempu ya ushuru, na ukishaivuta hakuna ushahidi. Kwa hiyo ule mkebe wa mama ndio mlango ambao mtoto hupitia. Hayo yote niliyasema ukumbini kwa sauti ya kutetemesha. Nikasema kwamba tumbaku huwaua hadi nusu ya watumiaji wake wasioiacha. Nikasema kila mwenye kioski anayekiuka sheria akamatwe, awe jirani, awe shangazi, awe nani. Mlipiga makofi. Mimi mwenyewe nilisisimka, kusema kweli. Ilikuwa kama anayesema ni mtu mwingine asiye na kwao.

Saa moja jioni nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya kioski, sijavua hata sare. Mama alikuwa amekwenda sokoni kuwahi omena. Stima ilikuwa imepotea, nimewasha kibatari. Mara nikasikia mtu akigonga dirisha kwa sarafu.

"Dada, niaje? Leo umewanyamazisha wale watu kabisa."

Alikuwa mvulana wa shule yetu, wa madarasa ya chini. Jina lake sitalitaja, wala darasa lake. Alikuwa amevaa sweta kinyume, ndani nje, ili beji isionekane. Alikuwa mmoja wa wale waliokaa safu ya mbele kwenye mdahalo, na nakumbuka alivyopiga makofi hadi mwalimu wa zamu akamwambia basi.

"Asante," nikamwambia. "Unataka nini?"

"Nipe fegi mbili. Zile za mbao."

Mbao, kwa wasiojua, ni shilingi ishirini. Alimaanisha zile za kumi, mbili kwa ishirini. Nikamtazama. Akaongeza haraka haraka, "Si zangu, ni za fundi. Amenituma."

Hapo nataka muelewe, ndugu zangu, kwamba kila mtoto anayenunua sigara mtaani kwetu husema ametumwa. Na wengi kweli wametumwa. Mzee akiketi na wenzake haondoki kitini. Humwita mtoto wa karibu, humpa sarafu, na mtoto hukimbia, maana mkubwa hakataliwi. Mimi mwenyewe nilitumwa na mjomba wangu tangu nikiwa na miaka sita, na salio nilinunulia peremende. Kwa hiyo neno "nimetumwa" ni kama kitambulisho. Muuzaji akilisikia moyo wake hutulia.

Wangu haukutulia. Nilijua hakuna fundi anayejenga saa moja jioni gizani. Lakini sarafu ya ishirini ilikuwa tayari imelala kwenye ukingo wa dirisha, na mapacha walihitaji mia moja ya chakula cha shuleni kesho yake, na katika mkebe wa pesa nilikuwa nimehesabu themanini. Themanini na ishirini. Mtaona kwamba hesabu yenyewe haikunichukua muda. Nikatoa sigara mbili, nikazisukuma. Hakuwasha pale. Alizitia ndani ya soksi.

"Dada, usiseme shule," akanong'ona, akapotea.

Jumatatu tulipokuwa kwenye gwaride tuliambiwa kwamba kuna mwanafunzi amekamatwa nyuma ya vyoo akivuta. Moyo ulinipasuka. Aliitwa mbele. Naibu wa mwalimu mkuu akamwuliza mbele yetu sote, "Umeitoa wapi hii?" Yule kijana akatazama viatu vyake. Akaulizwa mara ya pili. Akaulizwa mara ya tatu, kwa sauti ile ya naibu ambayo nyote mnaijua. Kimya. Nilikuwa safu ya nne, na kijasho chembamba kilikuwa kinanitiririka mgongoni ingawa asubuhi ilikuwa na baridi. Kumbuka kwamba angetaja jina langu tu, bingwa wa mdahalo, angepunguziwa adhabu. Hakutaja. Alirudishwa nyumbani wiki mbili na kuambiwa aje na mzazi. Alipopita karibu na safu yetu akielekea langoni hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Afadhali angenikodolea.

Nilisema nini? Sikusema kitu. Wiki mbili zile nilikula, nikalala, nikafanya hesabu za logarithimu.

Kabla hajarejea shuleni, kioski chetu kilipata wageni. Walikuwa wanaume wawili waliovaa makoti, wakati jua lilikuwa la utosini. Hawakusema wanatoka ofisi gani na mama hakuthubutu kuwauliza kitambulisho. Walijua mkebe uko wapi. Waliuchukua, wakamwambia mama kwamba kuuza sigara moja moja ni kosa na kwamba gari liko njiani kumbeba. Mama aliwasihi. Mwishowe gari halikuja, bali elfu moja ilitoka, pesa za chama cha akina mama ambazo hazikuwa zetu. Hawakuandika risiti. Sigara zenyewe waliondoka nazo, na mmoja wao, kwa macho yangu haya mawili, aliwasha moja kwa kiberiti chetu cha kamba kabla hawajafika barabarani.

Mpaka leo sijui kama walikuwa maafisa au matapeli. Lakini angalieni sheria niliyoitetea kwa mbwembwe ilivyofika kwetu. Mwenye pikipiki aliendelea kupita kila alfajiri na magunia yake. Aliye nyuma ya mwenye pikipiki sijui hata sura yake. Aliyeguswa ni mwanamke mwenye sigara kumi na nne mkebeni. Wapinzani wangu siku ya mdahalo walisema jambo hilo hilo na mimi niliwacheka nikasema ni visingizio. Nawaomba radhi, walikuwa na hoja. Sisemi hoja yao ilinisafisha. Zile sigara mbili hazikuuzwa na mwenye magendo wala na mwenye kiwanda. Ziliuzwa na mkono wangu wa kulia.

Siku nne baadaye akaja mgeni wa kweli. Nilikuwa nafagia mbele ya kioski, nikaona viatu vyeusi vimesimama, nikainua macho nikaona miwani. Alikuwa yule afisa wa afya ya umma. Safari hii alijitambulisha, akaonyesha kadi yake, akamsalimu mama kwa heshima. Kisha akanigeukia.

"Na wewe si ndiye niliyekupa kamusi?"

Nikaitikia kwamba ndimi. Ardhi haikupasuka kunimeza, ingawa niliipa nafasi.

Alifanya kazi yake bila kelele. Aliomba kuona sigara. Mama alikuwa ameshanunua nyingine. Nani angeacha? Afisa alichukua simu yake akatuonyesha programu ya Soma Label, ambayo mtu yeyote aweza kuiweka kwenye simu na kupima stempu ya ushuru. Kwenye paketi ya kwanza stempu ilisomeka. Kwenye ile nyingine hakukuwa na cha kusoma, maana stempu yenyewe haikuwepo. Akasema mambo ya ushuru ni ya watu wa ushuru na polisi, naye atawaarifu juu ya pikipiki, si juu ya mama. Yake yeye ni mawili, mkebe na mtoto. Halafu akauliza tangazo la miaka 18 liko wapi. Mama akasema lipo, akaonyesha ukutani. Kulikuwa na kalenda. Afisa akainua kalenda kwa kidole kimoja, na tangazo likawa hapo nyuma, safi kabisa, halijapata hata vumbi.

"Mama, watoto huuziwa hapa?"

"La, daktari. Mimi siuzii watoto."

"Na huyu akiwa peke yake?"

"Huyu?" Mama akacheka kidogo, kicheko cha kujivunia. "Huyu ndiye aliyewashinda wote shuleni kwa hayo hayo. Huyu hawezi."

Sikusema neno. Afisa alinitazama kwa muda, akaandika onyo, akampa mama nakala na kumwambia kwamba akirudi akute mkebe ule, watakutana mahakamani. Hakuomba hata soda.

Usiku huo sikulala. Si kwa kuogopa mahakama. Ni lile neno, "huyu hawezi." Yapata saa tano nikaamka nikaenda alipokuwa mama akichagua omena, nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu sweta kinyume, ile mbao, soksi na gwaride. Mama hakunipiga. Aliendelea kuchagua mchanga kwenye omena kwa muda mrefu hivi, kisha akaniuliza, "Mtoto wa nani?" Nikamwambia. Akasema, "Jumapili tutakwenda."

Tulikwenda Jumapili baada ya kanisa, tumebeba sukari kilo moja na majani ya chai. Kwao si mbali. Mama yake yule kijana ni mteja wetu, huuza mboga karibu na stendi, na alidhani tumemletea salamu tu. Mama akanisukuma mbele. Nikasema. Yule mama alikaa chini kwenye mkeka akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe. Mimi nilifunga biashara siku mbili kwenda shuleni. Nikamchapa nimwulize amenunua wapi, akakataa. Nikadhani ana genge."

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka pale, na mkononi alikuwa na sigara. Niliijua. Ilikuwa yetu, ile ya kumi. Yule kijana ndiye aliyekuwa akitumwa kwetu kila jioni kumnunulia baba yake, miaka na miaka, na mimi au mama ndio tuliokuwa tukimpa. Mzee alisikia kila neno. Hakusema kitu wala hakuizima. Ila niliona kwamba hakuivuta tena, aliishika tu mpaka jivu likawa refu likaanguka lenyewe.

Tangu siku ile kioski chetu hakiuzi zile za kumi. Mwenye pikipiki alinuna, akahamia kwa jirani. Mtoto akija na neno "nimetumwa" tunamrudisha, na mara tatu watu wazima wamekuja kufoka dirishani kwamba tumewadharau. Mmoja, mzee mwenye heshima zake, aliniuliza kama siku hizi ninalelewa na kitabu. Nikamwambia, "Samahani mzee, njoo mwenyewe, nitakupa kiti." Hakurudi. Kalenda imehamia ukuta mwingine.

Lakini sitawadanganya. Sigara ya moja moja ya shilingi 20 mama bado anauza kwa watu wazima, kutoka mfukoni mwa aproni badala ya mkebe. Tumekosana mara nyingi juu ya hilo. Mimi nimekataa kuzigusa, naye husema, "Basi niletee wewe hizo mia mbili za kila siku." Mimi sina. Nimempendekezea mayai ya kuchemsha na kachumbari, na tumeanza, japo faida yake ni ndogo na siku ya mvua mayai hurudi nyumbani tukayala sisi.

Kuna jambo jingine lazima niliseme, maana ni la hapa shuleni. Yule kijana na mimi tulikuja kuwa marafiki. Siku moja nilimsifu kwamba ameacha fegi. Akacheka, akatoa mfukoni kitu mfano wa kalamu nene ya kupigia mstari, rangi ya waridi. Ilikuwa vepu. Ilinukia embe. Walikuwa wamechanga watatu, wakaagiza kwa simu, na bodaboda akaileta hadi kwenye ua wa shule. Nikamwuliza, aliyewauzia aliwauliza umri? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Dada, kule hakuna dirisha."

Nimelifikiria sana neno hilo. Sheria ya mwaka 2007 iliandikwa kabla vitu hivi havijafika kwetu, na haikuvitaja kwa jina. Wenzetu wa Uganda, hatua chache tu kutoka hapa, walivipiga marufuku katika sheria yao ya mwaka 2015, na umri wao wa kuuziwa tumbaku si 18 bali ni 21. Binamu yangu wa miaka 19 anaishi upande wa pili. Akiwa kwao ni mtoto mbele ya sigara, akivuka kuja kutusalimia huwa mtu mzima, halafu jioni anarudia utoto wake. Lakini hata kule marufuku yapo kwenye karatasi, na bodaboda hawasomi karatasi. Ile nikotini ya ndani ya vepu ni ile ile inayokaa kwenye sigara, ndiyo inayomfanya mtu arudi kesho. Harufu ya embe ni ya kumkaribisha tu. Na mimi angalau nilimwona mnunuzi wangu uso kwa uso. Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Anayeuza kwa simu amejipunguzia hata aibu hiyo.

Nilimwambia yule kijana kwamba nitaandika habari hizi kwenye jarida, na kwamba singependa mwalimu azisome kabla hawajakwenda wao wenyewe. Alikasirika, akasema mimi ni mnafiki, ninauza halafu ninashtaki. Tulikaa wiki nzima hatusemezani. Kisha nikamwona na wenzake wawili wakiingia kwa mwalimu wa ushauri. Nasikia mwalimu aliipokea ile kalamu, akafungua kifuniko na kujaribu kuandika nayo. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niliseme hili, maana amecheka mpaka leo. Wale watatu hawakurudishwa nyumbani. Wanakwenda kwake kila Jumatano, na yule rafiki yangu asema siku ya nne bila nikotini ilikuwa mbaya kuliko zote, alitaka kupigana hata na ubao.

Kabla sijaikabidhi insha hii nilimsomea mama, kioski kimefungwa, mapacha wamelala. Nilimwuliza kama nifute sehemu ya aproni. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika shavu. Nilidhani atalia au atanikataza. Akasema niache ilivyo, afisa akiisoma atakuja, na akija watazungumza. Halafu akaniomba nimsomee tena pale penye hesabu. Nilikuwa nimeandika faida ya shilingi 60 kwa paketi.

"Hapo umekosea," akasema. "Ni sabini. Andika sawasawa."

Nikafuta, nikaandika sabini.